Kibao cha Babu Maganga

Najua utakavyosema ukimaliza kusoma. Utasema dada huyu alikuwa amechoka, au upweke wa Ulaya ulimpanda kichwani. Sikulaumu. Kama ningesimuliwa haya na mtu mwingine, na mimi ningemtazama kwa pembe ya jicho kisha nibadilishe mazungumzo. Lakini yalinitokea mimi, Woolwich, kusini mashariki mwa London, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na akili zangu timamu, sina homa, wala kileo sijawahi kukionja. Nimekaa nayo miaka mingi, na waliokuwepo wengi hawataki yasemwe. Nitayasema hivyo hivyo.

Wakati huo nilikuwa nauza kwenye duka la vipuri vya magari, uchochoroni nyuma ya soko. Mwenye duka, Bwana Jayanti, alikuwa Mhindi wa Mwanza aliyehamia Uingereza zamani, na nyumba yake ilikuwa Stanmore, upande mwingine kabisa wa jiji. Alinichukua siku ile ile niliyoingia kuuliza kazi, kwa sababu nilimwamkia kwa Kiswahili na akasahau maswali yote aliyotaka kuniuliza. Tuliuza betri, balbu, mikeka ya gari. Lakini kilichotuletea watu ni vibao vya namba. Mashine ilikuwa chumba cha nyuma. Unachapa herufi, unabandika kwenye plastiki, unagandamiza, unakata kingo, na baada ya muda mfupi mtu anaondoka na kibao chake kikiwa bado na joto.

Sasa, Woolwich ni mji wa wanajeshi tangu enzi na enzi, na wastaafu wa jeshi walikuwa wateja wetu. Mmoja wao alikwenda Marekani kumtembelea binti yake, akarudi na picha. Alituambia kwamba huko kuna majimbo yanayotoa vibao maalumu vya gari kwa wanajeshi waliopewa nishani; nishani yenyewe imechorwa pale pale kwenye kibao, na polisi akikiona anapiga saluti. Habari ya saluti sijui kama ni kweli. Uingereza kitu hicho hakuna, namba ya gari ni namba ya gari basi. Lakini yule mzee alitaka chake cha kutundika sebuleni, chenye namba yake ya jeshi na utepe wa nishani yake pembeni. Bwana Jayanti akamtengenezea. Wenzake walipokiona wakaja nao, mmoja mmoja, kila mtu na nishani yake imefungwa kwenye leso.

Bwana Jayanti alikuwa na amri moja. "Dada, kibao cha barabarani bila karatasi za gari, hapana. Na hiki cha heshima, bila kuona nishani kwa macho yako, hapana vilevile. Watu wanaiba magari, watu wanaiba sifa pia."

Kwa hiyo unaweza kusema nililipwa mshahara kwa kushuku watu. Niliangalia mikono, niliangalia macho, niliuliza maswali mawili matatu ya kumtega mtu. Nakuambia hili mapema ili uelewe kwa nini nilifanya nilichofanya.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya mzee mmoja wa kwetu, pale Plumstead, jirani na Woolwich. Tulimwita Babu Maganga. Alikuwa Mnyamwezi, ndivyo tulivyojua, askari wa Mwingereza katika vita vya Burma, na nishani alipewa kwa sababu alimbeba afisa wake aliyejeruhiwa akapita naye msituni risasi zikilia. Yule afisa alipopona akamleta Uingereza awe mtumishi wa nyumbani kwake. Afisa akafa, Babu akabaki, akafanya kazi za hospitali mpaka akastaafu. Hakuoa. Hakurudi nyumbani hata mara moja. Sebuleni kwake kulikuwa na fremu moja tu ukutani: ndani yake nishani, na chini ya nishani kidude cha mviringo chekundu, kama sarafu kubwa, kilichogongwa jina, MAGANGA, na namba yake ya jeshi. Namba yenyewe sitaiandika hapa. Ni ya mtu.

Nilimpenda Babu. Nilipofika Uingereza sina hata koti la maana, yeye ndiye aliyenipa la kwake. Kodi nikichelewa hakuuliza. Jioni tulikunywa chai pamoja na nilimsomea barua zake, kwa kuwa macho yalikuwa yamefifia na miguu imegoma, anatembelea kile kigari cha umeme cha wazee.

Mwaka ule chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki hapo Woolwich kiliamua kumfanyia heshima. Ingekuwa ile Jumapili ya Novemba ambayo Waingereza huvaa maua mekundu ya karatasi kuwakumbuka waliokufa vitani. Mwenyekiti, Bwana Odhiambo, muuguzi kutoka Kisumu, alikuwa ameona vibao vya wale wazee wa Kizungu. Akaniambia, "Madam, na sisi tuko na shujaa wetu. Tengenezea mzee yake, tutaifunga nyuma ya hicho kigari." Nikanakili namba kutoka kwenye kile kidude chekundu Babu akiwa amelala, ili iwe siri. Alhamisi mchana nikakichapa. Kilitoka kizuri mno. Nikakifunga kwa gazeti nikakiweka nyuma, chini ya meza ya mashine. Hakuna aliyekiona isipokuwa mimi. Hata Bwana Jayanti hakukiona. Alikuwa ameondoka mapema kurudi Stanmore kwa sababu ya wageni.

Ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Mtu asiyejua Novemba ya London atashangaa, lakini saa hiyo giza limeshaingia na taa za barabarani zinawaka. Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba inayokaa siku nzima. Wachuuzi wa sokoni walikuwa wanakunja maturubai. Nilikuwa nimeinama kwenye kaunta naandika hesabu ya balbu, na nilipoinua kichwa kulikuwa na kijana amesimama mbele yangu.

Mlango ule ulikuwa na kengele. Kila anayeingia, inalia. Haikulia. Nilijiambia pengine sikusikia.

Alikuwa wa miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu hivi. Mweusi wa kwetu, mwembamba, amevaa koti la rangi ya majani makavu, limefungwa mpaka shingoni. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Mimi nilikuwa na thelathini na kitu, kwa hiyo nilisubiri aniamkie. Hakuniamkia. Nikaona ni wale vijana wa siku hizi, nikamwambia, "Habari yako."

Akanijibu, "Marahaba, mjukuu wangu."

Niamini. Kijana wa umri ule, kwa sauti ya kijana, bila mzaha usoni. Nilitaka kucheka lakini kicheko hakikuja.

"Nimekuja kuchukua kibao changu," akasema.

Nikamwuliza kibao kipi, cha gari gani. Akasema hana gari. Akataja namba. Aliitaja herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, kama askari anayeitwa kwenye mstari, na ilikuwa ile ile niliyoifunga kwa gazeti chini ya meza.

Wewe ungefikiri nini? Mimi sikufikiri mzimu. Nilifikiri mwizi. Nilisema moyoni, huyu ametumwa, au amesikia habari kwenye chama akaja kujipatia kitu cha mzee wa watu akakiuze. Nishani zinauzwa, na hadithi zake zinauzwa. Nikamwambia kibao hicho kina mwenyewe.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

"Mwenyewe ni mzee wa zaidi ya miaka sabini."

"Angekuwa hivyo," akasema.

Nikamwomba anionyeshe nishani, kama amri ya duka ilivyokuwa. Akasema nishani hajawahi kuishika. Kisha akaingiza mkono kwenye kola ya koti akavuta uzi, na kwenye uzi kulikuwa na kidude cha kijani kibichi, cha pembe nane. Akakiweka juu ya kaunta. Kiligongwa MAGANGA, na namba. Kilikuwa kipya, herufi bado kali, kama kimetoka kugongwa wiki ile. Hilo nalo nikalishuku. Nikasema huyu kakitengeneza, na kakosea, maana cha Babu ni chekundu na cha mviringo.

Akawa anatazama kikombe changu. Chai ilikuwa imeisha. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, una maji?"

Bomba lilikuwa chumba cha nyuma. Nikajua mchezo. Niende nyuma, yeye avuke kaunta, achukue anachotaka. Nikamwambia hakuna maji.

Alinitazama bila hasira, na naapa ningependa angekasirika. Akasema, "Na yeye alisema hivyo hivyo." Halafu akasogeza kile kidude upande wangu kwa kidole kimoja. "Mpe mwenye nyumba yako. Mwulize, alipokata uzi, nilikuwa nimeshakufa, au bado?"

Simu ya duka ikalia. Nikageuka kuitazama, kugeuka tu, sikuigusa. Niliporudisha macho hapakuwa na mtu. Nilitoka mpaka barabarani bila koti. Uchochoro ule ni mrefu na una taa, kiumbe hawezi kuumaliza kwa muda ule. Mwuza mboga wa pembeni, Mnijeria mmoja tuliyezoeana, nilimwuliza kama ameona kijana akitoka kwangu. Akasema tangu saa tisa hajaona mtu akiingia dukani kwangu wala kutoka, na kwamba alidhani nimeshafunga.

Niliporudi ndani nikaangalia sakafu. Siku ya mvua kila mteja anaacha maji. Pale aliposimama palikuwa pakavu, na kulikuwa na harufu nzito ya majani yaliyooza, kama ya msituni. Na kidude cha kijani kilikuwa pale pale kwenye kaunta.

Nilifunga duka. Kwenye basi la kwenda Plumstead shaka yangu ilianza kugeuka upande. Nilikuwa nimemshuku yule kijana tangu alipofungua mdomo. Sasa nikaanza kujiuliza mambo ya Babu ambayo sikuwahi kujiuliza. Kwa nini hakurudi kwao hata kuzika mama? Kwa nini Wanyamwezi wenzake walipokuja kumtembelea alijibu Kinyamwezi chao kwa Kiswahili, akisema amekisahau? Mtu husahau lugha ya mama yake? Nilikasirika na nafsi yangu kwa kumfikiria vibaya mtu aliyenivika koti. Lakini fikra ikishaingia, huwezi kuiambia itoke.

Nilimkuta sebuleni, taa imewashwa, anasikiliza redio.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mama. Umelowa."

Sikujua pa kuanzia. Nikatoa kidude cha kijani nikakiweka kwenye kiganja chake, kwa kuwa macho yake yasingekiona vizuri. Akakipapasa kwa kidole gumba. Akahesabu pembe, moja mpaka nane. Akazima redio.

"Nani kakupa?"

"Kijana mmoja. Kaja dukani. Anasema kibao cha namba ni chake."

"Kijana," akasema.

"Ndiyo, Babu."

Akakifumbata kile kidude mkononi. Halafu akanieleza, taratibu, kama mwalimu. Kila askari alivaa vidude viwili shingoni. Mtu akifa, chekundu kinakatwa, kinapelekwa ofisini ili waandike jina lake. Cha kijani kinabaki na maiti, shingoni, kaburini. "Hiki hakiwezi kuwa hapa," akasema. "Hiki nilikiacha Burma."

Nikamwambia, "Kuna swali kaniambia nikuulize." Nikamwuliza kama nilivyoulizwa.

Nilitaka akatae. Nakuambia kweli, kama angenifokea na kunifukuza nyumba ningeshukuru.

Akasema, "Bado."

Jina lake halikuwa Maganga. Aliitwa Chilongani, Mgogo wa upande wa Dodoma. Siku ile ya mapigano, risasi zilipoanza, alitupa bunduki akakimbia. Alijificha mpaka jua likapinda, na alipotoka alijua kabisa kinachomngoja askari aliyetupa bunduki. Akafika kwenye kijito. Hapo akamkuta Maganga, waliyekuwa wakilala naye hema moja, amelala ubavu na tumbo limepigwa risasi. Karibu yake alikuwa afisa, amezirai. Maganga ndiye aliyembeba kutoka kule juu mpaka pale. Wengine wote wa kundi lao walikuwa wamekufa.

"Aliomba maji," akasema Babu. "Kijito kilikuwa hapo, kama kutoka hapa mpaka kwenye mlango huo. Nilimwambia hakuna maji. Niliogopa, mama. Niliogopa akinywa atapona."

Akakata uzi wa kidude chekundu. Akachukua kitabu cha mshahara, ndicho kitambulisho cha askari, mfukoni mwa mwenzake. Maganga alimshika mkono, hakuwa na nguvu, akauachia. Kisha Babu akambeba yule afisa mgongoni akaenda naye mpaka kambini. "Nusu ya njia nilimbeba mimi," akasema. "Hiyo nusu ni yangu. Mungu anajua hiyo ni yangu." Hospitalini hakuna aliyemjua. Waliandika jina lililokuwa kwenye kidude. Na afisa alipozinduka, aliambiwa askari aliyemwokoa ni huyu, akamshukuru. Afisa mwenyewe alikuwa mgeni katika kikosi kile. "Kwake sisi wote tulikuwa uso mmoja."

Nikamwuliza kwa nini hakusema baadaye, hata baada ya vita. Akajibu kwamba kwao Dodoma alishaliliwa. Jeshi liliandika kuwa Chilongani amepotea. Angerudi kama nani?

Nilipanda chumbani kwangu. Sikumwambia pole, sikumlaani. Nilichokuwa nakifikiria ni kikombe changu kile cha chai, na bomba lililokuwa hatua sita nyuma yangu.

Jumapili ikafika. Nilidhani hatakwenda, lakini asubuhi nilimkuta amevaa suti, ametoa nishani kwenye fremu, hakuivaa, ameitia mfukoni. Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na Wakenya, Watanzania, Wazanzibari na watoto wao, na wale wazee wa Kizungu wawili watatu waliokuja kwa heshima. Bwana Odhiambo alihutubia, akafungua gazeti nililomkabidhi asubuhi ile, akainua kibao juu. Watu wakapiga makofi. Babu akaomba kipaza sauti.

Alisema yote. Alisema kwa Kiswahili, polepole, jina lake la kweli na la baba yake, na kijito, na maji. Alisema, "Mimi si Maganga. Maganga nilimwacha hai."

Wakati huo nilitazama mlango wa nyuma ya ukumbi. Yule kijana alikuwa amesimama pale. Koti lile lile, limefungwa mpaka shingoni. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza kesi yake ikisomwa.

Kisha Bwana Odhiambo akachukua kipaza sauti mkononi mwa Babu, kwa upole, akasema, "Mzee wetu amechoka. Hiyo vita ilikuwa mbaya, mwisho inachanganya mtu. Wapendwa, tumpigie makofi tena." Na watu wakapiga makofi kuliko mara ya kwanza. Kuna mama mmoja alikuwa analia kwa huruma. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili. Ningeweza kusimama niseme, anasema kweli, nimekiona cha kijani kwa macho yangu. Sikusimama.

Babu alikipokea kibao. Hakukubali kifungwe kwenye kigari. Alikiendesha kigari mpaka nyuma ya ukumbi, akakilaza kibao juu ya kiti kitupu karibu na mlango, na nishani juu yake. Kijana sikumwona tena. Tulipokuwa tunakunja viti jioni, kibao na nishani havikuwepo. Mwenyekiti alisema waliosafisha ukumbi wamevichukua kwa makosa, akapiga simu huku na huku. Tuliulizia wiki nzima. Hakuna aliyevigusa.

Babu alikufa kabla baridi haijaisha, usingizini. Siku moja kabla, alinitajia kijiji, upande wa Urambo, kilichoandikwa kwenye kitabu cha mshahara cha Maganga. Aliniambia, "Nenda wewe. Mimi ningewaambia nini?" Chama kilimzika vizuri, na jiwe la kaburi likaandikwa Maganga. Nilipinga. Wakaniambia nisimharibie marehemu.

Ilinichukua miaka kadhaa kupata likizo na nauli, ikawa tumeshaingia elfu mbili na kitu. Nilifika Urambo nikaulizia ukoo. Nikaelekezwa kwa mdogo wake wa kike, Bibi Nyamizi, mwanamke aliyekwisha kupinda mgongo, anaishi na wajukuu. Nilipotaja jina la kaka yake alitema mate chini.

"Huyo alipata nishani akahamia kwa Wazungu," akasema. "Serikali ilikuja kutuambia. Mama alimngoja mpaka akafa. Hata salamu hakuleta. Mama alipokuwa anakata roho alituapisha, mtoto yeyote wa ukoo huu asipewe jina la Maganga."

Fikiria. Mtu amekufa kiu kando ya maji, na nyumbani kwao kwa miaka zaidi ya hamsini linatemewa mate jina lake.

Nilimweleza. Nilimweleza yote, na la duka, na la maji niliyomnyima. Hakuniuliza kama nina akili. Aliuliza kitu kimoja, "Alikuwa na umri gani ulipomwona?" Nikamwambia, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Akasema, "Ndiyo, ndio umri wake." Akavuta kanga akajifunika kichwa, akapiga ukelele wa msiba, na majirani wakaanza kuja mmoja mmoja wakiuliza nani amekufa. Tulikaa matanga siku tatu. Wanawake walilala chini, wanaume walikoka moto nje, wakapika, wakaimba. Kulikuwa na wazee wawili waliomkumbuka. Wengine walimlilia mtu ambaye wazazi wao walikuwa hawajazaliwa alipoondoka. Siku ya nne Bibi Nyamizi alikwenda kwa mke wa mjukuu wake aliyekuwa na kichanga cha wiki mbili, hakijapewa jina, akakipakata, akakiita kwa jina la kaka yake.

Tangu hapo yule kijana hajanitokea. Lakini usidhani nimepona. Woolwich kuna nyumba ambazo hazinifungulii mlango, kwa sababu sikukubali kunyamaza. Picha ya Babu ingali ukumbini na jina lisilo lake. Nilikuwa mwepesi wa kuwashuku watu, na hiyo ilikuwa kazi yangu. Siku hizi nikimtilia mtu shaka, naanza kwa kujitazama mwenyewe, na wakati mwingine nashindwa kuendelea. Nikisikia mtu anasifiwa jukwaani, macho yangu yanakwenda mlangoni yenyewe, kutazama nani amesimama.

Na wewe unayesoma, sikuombi uniamini. Nakuomba hili tu. Ikiwa unatembea na jina, au sifa, au kitu chochote cha mtu aliyelala asiyeweza kujitetea, mrudishie ungali na pumzi, na useme mahali ambapo watu watasikia. Usingoje siku watu watakapokupigia makofi. Siku hiyo hata ukisema kweli, hawatakukubalia, na mwenye kitu chake atakuwa tayari amefika mlangoni.